Je, wajua kwa nini watu kwenye filamu za zamani hutembea mbiombio?

Juzi nilikuwa nimekaa na mwanangu wa miaka 8 tukitazama kwenye simu kipande cha filamu ya Vita Kuu ya Kwanza. Askari wa Uingereza wanapita barabarani huko Ufaransa, bunduki mabegani, wakielekea mstari wa mbele. Mtoto akaangua kicheko. "Baba, mbona wanatembea kama vikaragosi?"

Sikumkemea. Kweli miguu yao ilikuwa inachapa ardhi kwa kasi isiyo ya binadamu, mikono inarukaruka, vichwa vinageuka kwa kushtuka kama vya kuku. Lakini kicheko kile kilinichoma, kwa sababu wengi wa vijana wale hawakurudi kwao, na nadhani wanastahili kuonekana walivyokuwa. Hawakutembea hivyo hata kidogo. Mitambo yetu ndiyo inayowakimbiza.

Filamu ni picha mnato nyingi zilizopangwa kwenye ukanda mmoja mrefu, kila picha ikiitwa fremu. Zikipita mbele ya macho haraka vya kutosha, tunaona kitu kinasogea. Kamera nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 hazikuwa na mota. Mpiga picha alizungusha mpini kwa mkono, kama fundi anavyozungusha gurudumu la cherehani ya mkono. Mzunguko mmoja ulipitisha fremu 8, na kanuni ya kazi ilikuwa mizunguko 2 kwa sekunde, yaani fremu 16. Ili mkono usiende ovyo, wengine walihesabu moyoni na wengine waliimba kimoyomoyo wimbo wenye mwendo huo, kama watwangaji wanavyoshika mwendo wa mchi kwa wimbo. Hata hivyo mkono huchoka. Baridi ikiwa kali, au risasi zikipita juu ya kichwa, nani atashika mwendo sawasawa? Ndiyo maana ukanda mmoja unaweza kuanza na fremu 17 kwa sekunde na kuishia na 13.

Mwendo ule wa polepole ulikuwa na faida zake. Filamu ilikuwa ghali, na fremu chache kwa sekunde maana yake ukanda unadumu zaidi. Tena kila fremu ilipata muda zaidi wa kunywa mwanga, jambo kubwa siku ya mawingu.

Kisha sauti ikaingia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sinema zilianza kuzungumza, na hapo mwendo haukuweza tena kuachiwa mkono wa mtu. Aliyewahi kusikiliza kaseti kwenye redio yenye betri zinazokwisha anajua sababu: mwendo ukipungua kidogo tu, sauti ya mwimbaji inakuwa nzito na kuyumba. Viwanda vya filamu vikakubaliana juu ya fremu 24 kwa sekunde, zisizozidi wala kupungua, zikiendeshwa na mota. Mitambo ya kuonyeshea filamu ikatengenezwa kwa kipimo hicho. Televisheni za kwetu zilikuja na 25, karibu sawa.

Sasa chukua ukanda uliopigwa kwa fremu 16 uupitishe kwenye mtambo wa fremu 24. Tukio la dakika 1 linakwisha kwa sekunde 40. Mtu aliyepiga hatua 100 kwa dakika anaonekana akipiga 150. Basi hapo ndipo vikaragosi vinapozaliwa. Kwa miaka mingi watayarishaji wa vipindi waliurusha ukanda ulivyo, na vizazi vizima vikaamini kwamba watu wa kale walikuwa na pupa ya ajabu.

Ndiyo sababu pia filamu za Vita vya Pili hazina kasoro hiyo. Wapiga picha wengi walibeba kamera ndogo zilizotiwa ufunguo kama saa ya mezani, na springi iliuvuta ukanda kwa mwendo sawa. Lakini nyingi ya kamera hizo hazikunasa sauti. Mlio wa bomu unaousikia kwenye filamu hizo mara nyingi uliwekwa studio baadaye.

Turudi kwa wale askari. Kipande tulichokuwa tunatazama kinatoka kwenye filamu ya mapigano ya Somme, kaskazini mwa Ufaransa, iliyoonyeshwa Uingereza kuanzia Agosti 1916, vita vyenyewe vikiwa bado vinaendelea. Inakadiriwa tiketi milioni 20 ziliuzwa ndani ya wiki 6 za mwanzo. Wapigaji wake walikuwa wawili, Geoffrey Malins na John McDowell. Kuna sehemu ndani yake, ile ya askari kupanda kutoka handakini na mmoja kuteleza chini kama aliyepigwa risasi, ambayo watafiti wanaona iliigizwa kwenye uwanja wa mafunzo nyuma ya mstari wa vita. Sehemu kubwa iliyobaki ni ya kweli.

Asubuhi ya Julai 1, 1916, Malins alisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu karibu na kijiji cha Beaumont-Hamel. Chini ya kilima cha Hawthorn, Waingereza walikuwa wamechimba handaki na kulijaza baruti, tani 18 hivi, zilipuliwe saa moja na dakika 20. Malins akaanza kuzungusha mpini mapema ili asilikose tukio. Muda ukapita, ukanda unazidi kwenda, mlipuko hautokei. Aliandika baadaye jinsi alivyoingiwa na hofu kwamba filamu ingekwisha kabla. Halafu ardhi ikatikisika, naye akaendelea kuzungusha, na ile nguzo ya udongo ikapanda angani mbele ya lenzi. Kila fremu ya mlipuko ule ilipitishwa na mkono wa mtu. Mimi nikiutazama siwezi kusahau mkono huo.

Dakika 10 baadaye, saa moja na nusu, askari wakatoka mahandakini. Hadi jioni zaidi ya Waingereza 19,000 walikuwa wamekufa.

Miji nayo ilikimbizwa vilevile. Aprili 14, 1906, ndugu wa familia ya Miles walifunga kamera mbele ya behewa la tramu na kupita nayo Market Street, San Francisco, hadi karibu na bahari. Siku 4 baadaye tetemeko la ardhi na moto viliubomoa mji ule, studio yao ikiwemo. Ukanda ulinusurika kwa sababu ulikuwa umeshapelekwa New York kwa treni. Ukiuona kwa kasi mbaya utadhani watu wanakwepa kifo kila hatua. Kwa mwendo wake halisi unamwona mwanamume anavuka mbele ya tramu bila wasiwasi wowote, na watoto wanadandia nyuma ya gari huku wakiangalia kamera.

Kurekebisha si kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Njia ya zamani ilikuwa kurudia fremu: kila fremu mbili, moja inachapwa mara mbili, hivyo 16 zinakuwa 24. Kasi inanyooka, ila mwendo unagutukagutuka. Siku hizi kompyuta inachora fremu za katikati ambazo hazikupigwa kamwe. Kwa filamu yake ya 2018, They Shall Not Grow Old, mwongozaji filamu Peter Jackson alipewa akiba ya jumba la makumbusho la vita la Uingereza, Imperial War Museum, na watu wake walikuta kanda za kasi mbalimbali, kila moja ikihitaji kipimo chake. Unakijuaje kipimo hicho? Unaangalia vitu visivyojua kuharakishwa: maji yanayomwagika, moshi, farasi anavyotembea, kofia inayodondoka. Kitu kinachoanguka kina kasi ileile mwaka 1916 na leo.

Rangi zinazotiwa siku hizi, hizo ni makisio tu. Filamu ya wakati ule ilikuwa haioni nyekundu, ikaigeuza kuwa karibu nyeusi, na buluu ikaifanya nyeupe. Kwa hiyo anga jeupe juu ya vita halimaanishi kulikuwa na mawingu.

Jioni ile nilikwenda kwenye mpangilio wa kasi ya video, nikaushusha hadi 0.75. Si kipimo kamili, lakini kinatosha. Nikamwonyesha mwanangu sehemu moja fupi: askari wamejibanza kwenye kijia kilichozama kati ya kingo mbili, karibu na kile kilima. Wengine wanavuta sigara, wengine wanageuka kuitazama kamera, taratibu, kama mtu yeyote aliyeona kitu kigeni. Ndani ya saa chache wengi wao walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Safari hii hakucheka. Alisogeza uso karibu na kioo cha simu.

"Baba, wanasubiri nini?"

Nikamwambia wanasubiri saa moja na nusu.