Sokwe wa Gombe sio nyani jamani

Juzi nipo saluni Mwanga hapa Kigoma nanyolewa, redioni wanasoma habari ya Gombe, hifadhi yetu ya sokwe, mtangazaji anasema "nyani maarufu wa Jane Goodall", yule mama mtafiti wa sokwe, kinyozi akazima mashine kabisa akaniangalia. Maana huku Kigoma hata mtoto anamjua nyani, yule mwenye mkia na mdomo mrefu kama wa mbwa, ukizubaa ufukweni anakupora ndizi. Sokwe hana mkia. Alafu Gombe wapo wote wawili, na sokwe akipata nafasi anamkamata mtoto wa nyani anamla, sasa ukimwita sokwe nyani umechanganya mlaji na kitoweo.

Kinachoniudhi zaidi ni picha. Habari inahusu Gombe au Mahale, hifadhi yetu nyingine yenye sokwe, juu wameweka gorila! Najua inavyotokea, neno sokwe watu wanalitumia kwa wote wawili kwahiyo mtu wa picha akitafuta sokwe anachukua lile lenye kifua kikubwa, ndo maana heri uandike sokwe mtu. Gorila wa porini Tanzania hatuna, nenda Rwanda, Uganda au Kongo hapo ng'ambo.

Kuna ile ya kumwita Goodall "mama aliyegundua sokwe", wengine wanamfanya Mmarekani kabisa. Alikuwa Mwingereza, alifika Gombe Julai 1960, na Gombe ilishatengwa kama pori la akiba tangu 1943, sasa walikuwa wanalinda nini kama sokwe hawajulikani? Waha, wenyeji wa huku, wameishi nao miaka yote. Alichokiona yeye ni kingine, na kitamu zaidi: sokwe anachuma kijiti, anakipukuchua majani, anakichomeka kwenye kichuguu, anasubiri mchwa wakiumie meno, anakivuta taratibu na kuwala mmoja mmoja. Kabla ya hapo wasomi walikuwa wanasema kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Mwaka huohuo akamwona sokwe anakula nyama, ila mpaka leo unasoma eti wanaishi kwa matunda tu, waulize mbega wekundu, wale kima wanaowindwa nao.

Na sokwe wa kisiwa cha Rubondo, kule Ziwa Victoria, sio wa asili ya pale, walipelekwa kutoka Ulaya miaka ya 1960.

Samaki nao hawajasalimika. Dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika wanaambiwa ni watoto wa samaki wakubwa, wakati yule amekua kashamaliza, ukubwa wake ndo huohuo, na wala sio aina moja na dagaa wa Mwanza. Shemeji yangu anauza samaki Kibirizi, alivyosikia mgebuka anaitwa sangara akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia shem usicheke sana, hao ni ukoo mmoja kweli, ila mgebuka ni mzaliwa wa Tanganyika na hapatikani kwingine, sangara kule Victoria alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Akanijibu basi yule ni mgeni, bei yake isifanane na ya kwangu.