Mwanamke mwenye filimbi: ufundi wa kuongea na watu uwanjani

Mwanamke yeyote anayechezesha mpira wa kikapu ameshasifiwa hivi: "Nyie kina mama mna busara, mnajua kutuliza watu." Anayesema huwa na nia njema. Sifa hiyo naipokea kwa heshima, lakini siikubali. Nachezesha ligi ya kikapu hapa Dar es Salaam, na siku hizi nafundisha pia waamuzi wapya, wa kike kwa wa kiume. Kumtuliza kocha aliyepandwa na hasira ni ufundi, sawa na ufundi wa kujua usimame wapi mpira ukiwa kona. Unafundishwa, unafanyiwa mazoezi, na ukiachwa bila mazoezi unapotea. Tukisema ni kipaji cha kuzaliwa nacho wanawake, tunamnyima mwamuzi mwanamke malipo ya jasho lake, na tunampa mwamuzi mwanaume kisingizio cha kutojifunza.

Nitaanza na NBA, ligi kuu ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, kwa sababu huko jambo hili limejaribiwa mbele ya macho ya dunia nzima. Mwaka 1997 ligi hiyo iliajiri waamuzi wawili wanawake kwa mkupuo, Violet Palmer na Dee Kantner. Palmer alichezesha mechi yake ya kwanza tarehe 31 Oktoba mwaka huo, Vancouver Grizzlies wakiwakaribisha Dallas Mavericks. Wapo wachezaji maarufu waliokuwa wamesema hadharani kwamba pale si mahali pa mwanamke, hata kabla hajapuliza filimbi ya kwanza. Na maneno hayakuisha upesi. Mwaka 2007 mtangazaji wa redio wa mechi za Boston Celtics alimwambia hewani arudi jikoni, kisha akaomba radhi. Wakati anaambiwa hivyo, Palmer alikuwa ameshaandika historia mwaka mmoja kabla, kwa kuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya mtoano ya NBA. Alistaafu 2016 akiwa na zaidi ya mechi 900.

Watu hupenda kusimulia ujasiri wake, na ni kweli alikuwa jasiri. Mimi hutazama zaidi alikotokea. Alikuwa pointi gadi, mchezaji anayeongoza mashambulizi, wa chuo cha Cal Poly Pomona, timu iliyotwaa ubingwa wa wanawake wa vyuo wa daraja la pili Marekani mara mbili mfululizo, 1985 na 1986. Pointi gadi kazi yake ni kuongea. Anawapanga wenzake, anasikiliza benchi, anasoma nani kachoka na nani kakasirikia pasi aliyonyimwa. Baadaye akachezesha mechi za vyuo kwa miaka kadhaa. Alipofika NBA alikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kusoma nyuso za watu wakiwa wanakimbia.

Baada ya Palmer na Kantner, NBA ilikaa hadi 2014 kumwajiri mwanamke wa tatu, Lauren Holtkamp. Miaka 17! Huyu alicheza kikapu Chuo Kikuu cha Drury, na ana shahada ya uzamili ya mawasiliano na nyingine ya theolojia aliyoipata Chuo Kikuu cha Emory. Wengine huitaja theolojia kama kioja. Kwangu mimi ni maandalizi bora kuliko mengi. Anayeandaliwa kwa huduma ya kichungaji hufundishwa kukaa na mtu mwenye uchungu, kumsikiliza hadi mwisho, na kutojitetea. Jaribu kufanya hivyo kwa sekunde nane pembeni ya uwanja, kocha akikwambia umemharibia mechi, uone ugumu wake.

Februari 2015, katika msimu wake wa kwanza wa ajira ya kudumu, Holtkamp alimpa faulo ya kiufundi, yaani teknikali, adhabu ya mwenendo na si ya kugusana miili, mchezaji Chris Paul, aliyekuwa Los Angeles Clippers, katika mechi dhidi ya Cleveland Cavaliers. Kwa maelezo ya Paul mwenyewe, timu yake ilitaka kuanza mpira haraka, mwamuzi akawazuia, yeye akauliza kwa nini, teknikali ikaja. Baada ya mechi akasema huenda kazi hiyo haimfai dada huyo. Ligi ilimtoza faini ya dola 25,000, na chama cha waamuzi kikasimama na mwenzao.

Kuna mambo mawili ninayowaonyesha wanafunzi wangu katika kisa hiki. La kwanza, ugomvi haukutokana na kikapu wala faulo ya utata. Ulizuka mchezo ukiwa umesimama. Sehemu kubwa ya matatizo yetu huzaliwa hapo: mpira umekufa, mchezaji ana pumzi ya kusema, na mwamuzi ana sekunde mbili tatu za kuchagua neno. La pili ni namna lawama ilivyotolewa. Mwamuzi mwanaume akitoa teknikali isiyopendwa, watu husema teknikali ile haikuwa sahihi. Mwanamke akitoa, swali linahamia kwake yeye: je, anastahili kuwepo? Mwamuzi mwanamke anapaswa kuujua mzigo huo wa ziada bila kuubeba mikononi anapoingia uwanjani, maana akiubeba ataanza kupuliza ili athibitishe kitu.

Namna ya kupuliza ili kuthibitisha kitu naitambua mapema. Dakika tano za kwanza mwamuzi mgeni mwanamke hupimwa. Kocha atalalamikia kutembea na mpira kusikokuwepo, nahodha atainua mikono juu, mashabiki wataitikia. Hapo wasichana wengi huangukia upande mmoja kati ya pande mbili. Wapo wanaotoa teknikali ya haraka ili waogopwe, na wapo wanaotabasamu ili wapendwe. Wote wamemruhusu kocha aamue wawe nani. Ninachowafundisha ni kutabirika: faulo uliyoipuliza dakika ya pili iwe faulo dakika ya 38, neno ulilomwambia kocha wa nyumbani ulimwambie na wa ugenini, kwa sauti ileile.

Sauti ina hesabu yake. Ukipaza sauti yako nyembamba ili kushindana na ukumbi, inapanda na kukatika, na anayesikia anadhani umeingiwa hofu. Basi iache filimbi ipige kelele kwa niaba yako. Mpulizo mmoja, mkali, mfupi, mkono juu, kisha ishara safi mbele ya meza. Ukifika kuongea, shusha sauti na punguza mwendo. Atakayetaka kukusikia atalazimika kusogea na kunyamaza. Hili linawafaa wanaume pia, ila wao mara nyingi huchelewa kulijua kwa sababu sauti nzito imewabeba.

Mwili nao unaongea. Usimkabili kocha uso kwa uso kama watu wanaotaka kupigana. Simama ubavuni mwake, nyote wawili mkitazama uwanja, uendelee kuwaona wachezaji huku sikio ukiwa umempa yeye. Mikono ikae chini. Kidole usimnyoshee mtu kamwe. Hapa kwetu kidole kilichonyoshewa mtu mzima ni tusi tosha, na ukumbi mzima utasahau alichokosea yeye.

Maneno ya benchi nayagawa kwa kuyasikiliza yalivyo. Kocha akiuliza swali, anastahili jibu, na jibu liwe fupi na la kweli: "Mkono wake ulipita juu ya bega, kocha." Akilalamika tu, namsikia, naitikia kwa kichwa, naondoka. Malalamiko hayahitaji hoja, na mwamuzi anayejibu kila lalamiko amefungua baraza. Akinishambulia mimi au heshima ya mchezo, hapo sheria inaongea. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazozitumia, teknikali huwapa wapinzani wake mtupo huru mmoja, na kocha akipata ya pili kwa mwenendo wake mwenyewe anatoka ukumbini. Kuna pia wakati wa kukiri kwamba mwili wa mchezaji ulinizibia nikashindwa kuliona tukio. Jibu hilo hutuliza kuliko uongo wowote, lakini ukilitoa mara ya pili katika mechi hiyohiyo limeshageuka kuwa ushahidi dhidi yako.

Kuna suala la umri, ambalo vitabu vya sheria havitakufundisha. Makocha wengi wa ligi zetu ni rika la baba zangu. Nikifika uwanjani namwamkia: "Shikamoo, kocha." Anaitikia marahaba, anauliza habari za nyumbani. Baadhi ya waamuzi wenzangu wa kike wanaona shikamoo inatushusha, eti kocha ataniona mtoto. Siafikiani nao. Heshima ile ni ya mtu, imetolewa mchezo haujaanza, na mbele ya wote. Robo ya tatu mzee huyohuyo akivuka mpaka wa eneo lake huku akifoka, nampuliza teknikali kwa uso uleule nilioamkia. Naripoti mezani na kwenda upande wa pili wa uwanja, mwenzangu anabaki karibu na benchi kumsikiliza. Sijawahi kuona shikamoo ikiniondolea mamlaka. Akianza kuniita "binti yangu" katikati ya mabishano, mimi namjibu "kocha", kila mara, bila kinyongo, na taratibu naye hurudi kwenye "refa".

Na kazi iliyo bora kuliko zote haionekani jukwaani. Wachezaji wawili wakubwa wanasukumana chini ya kikapu, mpira bado uko mbali. Mwamuzi aliye mstari wa mwisho anawaona. Akisubiri, baada ya sekunde nne atakuwa na faulo, na pengine kiwiko. Akisema mapema, "Namba kumi na tano, toa mkono," kwa sauti ya kawaida, mkono unatoka na mchezo unaendelea. Mwamuzi mzuri huongea hivyo mechi nzima, na takwimu hazitamwandikia chochote. Lakini wachezaji hujua. Nimeshaona wakimwambia mwenzao, "Sikiliza, ameshakuonya." Timu ikianza kukulindia maneno yako, umefika.

Nani anapewa nafasi ya kuuzoea ufundi huu? Nadhani hapo ndipo penye tofauti halisi kati ya waamuzi wa kike na wa kiume. NBA ilipoanza kuwapitisha wanawake wengi kwenye ligi yake ya maendeleo, G League, ndipo majina yalipoongezeka: Ashley Moyer-Gleich na Natalie Sago mwaka 2018, kisha wengine. Januari 2021 Sago na Jenna Schroeder walichezesha pamoja mechi ya Charlotte na Orlando, mara ya kwanza wanawake wawili kuwa kwenye mechi moja ya NBA. Mwaka 2024 Moyer-Gleich akawa mwanamke wa pili, baada ya Palmer, kuchezesha mtoano. Busara ya wanawake haikuongezeka ghafla kati ya 2014 na 2018. Kilichoongezeka ni mechi walizopewa.

Kwetu, msichana aliyefuzu kozi hupangwa mezani kuandika pointi, au kwenye mechi za wanawake za asubuhi, miaka nenda rudi. Halafu siku moja anatupiwa mechi ngumu ya wanaume, akiyumba tunasema hana kifua. Wanaopanga waamuzi wampe mechi za wanaume za kati mapema, awe na mwenzake mzoefu pembeni, na baada ya mechi wakae wapitie walichoambiwa na walichojibu, sio faulo peke yake. Katika kozi zangu nusu siku nzima ni ya maneno. Mmoja anakuwa kocha na anapewa ruhusa ya kufoka, mwingine ana filimbi, wa tatu anashika saa, na jibu likizidi sekunde tano tunaanza upya.