Anayevuma mapema hajapita: dhana potofu kuhusu mbio za urais

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za uchaguzi na kufundisha wadodosaji, yaani wanaohoji watu kwa ajili ya utafiti, kuanzia Mtwara Mjini mpaka Nachingwea. Watia nia, wapambe wao na watangazaji wa redio wananiletea swali lile lile: "Mwalimu, huyu si ameshapita? Kila mtu anamtaja." Nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

Dhana: Anayetajwa sana mapema ndiye rais

Miezi mingi kabla ya uchaguzi, mwananchi akiulizwa hutaja jina analolijua, na hana kosa. Mwenye kosa ni mchambuzi anayeligeuza jina hilo kuwa kura. Kabla hujaniambia nani anaongoza, niambie kwanza: katika hatua hii, mpiga kura ni nani?

Kwetu Tanzania mgombea urais lazima asimamishwe na chama, kwa hiyo mchujo wa kwanza haufanyiki kijiweni. Mwaka 2015 makada zaidi ya 40 walichukua fomu CCM. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu watatu, Mkutano Mkuu mmoja. Masharti yalitaka wadhamini 450. Edward Lowassa alirudi na laki kadhaa, na jina lake likakatwa kabla ya tano bora. Wadhamini wale hawakuwa wajumbe wa kikao kilichokata. Hapa Kusini wengi waliapa kuwa ni zamu ya Bernard Membe, mbunge wa Mtama. Aliingia tano bora, akaishia hapo. John Magufuli, ambaye mwanzoni wachache walimtaja, akazoa asilimia 87 ya kura za Mkutano Mkuu.

Na inaniuma zaidi dhana hii ikitoka kwa mtu wa Masasi, maana mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mtoto wa Lupaso, Benjamin Mkapa. Mwaka 1995, raundi ya kwanza ya Mkutano Mkuu wa CCM, Jakaya Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459, Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyefikisha nusu. Msuya akatoka, ikarudiwa: Mkapa 686, Kikwete 639. Fanya hesabu. Mkapa aliongeza kura 227, Kikwete 105. Aliyeongoza alikuwa na wapenzi wengi, lakini kura za wa tatu ziliegemea kwa mwenzake.

Ndiyo maana mdodosaji wangu akileta dodoso lisilo na swali la "asipokuwepo huyo, utamchagua nani?" namrudisha nalo. Kiongozi wa mapema asiye chaguo la pili la mtu yeyote yuko hatarini, hata jina lake liwe mdomoni mwa kila bodaboda.

Dhana: Umati uwanjani ni kura

Augustino Mrema mwaka 1995 alijaza viwanja, gari lake likasukumwa na mashabiki. Kwenye sanduku alipata takribani asilimia 28, Mkapa karibu 62. Ndani ya umati wamo walio chini ya miaka 18, wasiokuwa kwenye daftari, na waliojiandikisha kwingine. Tena uchaguzi wetu ni Oktoba, korosho zinaokotwa. Mama wa Tandahimba aliye shambani hamumwoni mkutanoni, ila kadi yake anayo.

Dhana: Kura ya WhatsApp iliyopigwa na maelfu inashinda utafiti wa watu elfu moja

Hapana. Mwaka 1936 jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na kumtabiria ushindi Alf Landon. Franklin Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Watu elfu moja waliochaguliwa kwa bahati nasibu hukupa picha yenye kosa la takribani asilimia 3 juu au chini. Wanakikundi wako walijichagua wenyewe.

Dhana: Lazima avuke nusu ya kura zote

Hiyo ni ya Kenya, ambako mshindi anahitaji zaidi ya asilimia 50 na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Tanzania sharti la nusu liliondolewa mwaka 2000. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake anatangazwa. Kwa hiyo mtangazaji anayesoma uchambuzi wa Nairobi na kuuhamishia kwa wagombea wa hapa anawapotosha wasikilizaji wake: huku, wapinzani wakigawana kura, hakuna raundi ya pili ya kuwakutanisha.