Jengo la Reichstag na ukumbi wa Hitler

Kila mwaka, Januari 27 au siku zilizo karibu nayo, Bunge la Ujerumani huwakumbuka waliouawa na Wanazi, na mara nyingi hakosi mtu wa kuuliza: wanawaombolezaje Wayahudi katika ukumbi uleule alimohutubia Hitler?

Si ukumbi uleule. Reichstag, jengo linamokaa bunge hilo, ilishika moto usiku wa Februari 27, 1933, Hitler akiwa na wiki nne tu madarakani. Bunge likahamia Kroll, jumba la opera lililokuwa mkabala. Humo, Machi 23, 1933, ndimo ilimopita sheria iliyoipa serikali ya Hitler uwezo wa kutunga sheria bila bunge. Humohumo, Januari 30, 1939, alitishia hadharani kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya. Kroll leo haipo. Mabaki yake yalibomolewa mwaka 1951.

Hii haina maana kwamba Reichstag ni safi kama pamba. Mwaka 1938 Wanazi waliandaa humo maonyesho ya kuwachafua Wayahudi.

Ukumbi wa sasa umetumika tangu 1999, ndani ya kuta za zamani. Kwenye baadhi ya kuta hizo yangalipo majina ya askari wa Kisovieti waliyoyaandika 1945, na yameachwa kwa makusudi. Elie Wiesel, mwandishi Myahudi aliyenusurika kambi ya Auschwitz, alihutubia humo mwaka 2000. Mwaka 2012 Marcel Reich-Ranicki, mhakiki wa fasihi aliyenusurika geto la Warsaw, alisimulia Julai 22, 1942, siku ilipotolewa amri ya kuwahamisha Wayahudi wa geto hilo, mtaa walimofungiwa na Wanazi. Yeye ndiye aliyeitafsiri amri hiyo kwa Kipolandi.