Kipande cha kinywani: kuuma plastiki ili mpira wa gofu uende mbali

Rafiki yangu mmoja alirudi kutoka Maskati na kijaluba mfukoni. Alipokifungua barazani, ndani mlikuwa na kitu cheupe, laini, kilichopinda kama kiatu cha farasi. Mzee mmoja akauliza meno hayo ni ya nani na mwenyewe anakulaje sasa. Hayakuwa meno. Kilikuwa kipande cha kinywani cha kuongeza uwezo: unakivaa mdomoni, unakwenda kupiga gofu, na muuzaji anakuahidi kuwa mpira utakwenda mbali kuliko ulivyokwenda juzi.

Tukitenganishe kwanza na ndugu yake mkubwa, kinga ya meno. Kinga ni ya bondia. Ni nene, huvaliwa juu, na kazi yake ni moja tu: ngumi ikija, meno yasivunjike wala yasiichane midomo yenyewe. Anayetajwa sana katika chimbuko lake ni Woolf Krause, daktari wa meno wa London, aliyewatengenezea mabondia vipande vya utomvu mgumu wa mti mnamo 1890. Sisi wa Visiwani, Zanzibar, hatukupata kuizoea kinga hiyo, kwa sababu ngumi zilipigwa marufuku mwaka 1964, wakati wa Mzee Karume, na mapambano ya hadhara hayakurudi mpaka Agosti 2023. Kijana wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, aliyekua katikati ya miaka hiyo angeiona kinga ya meno kwenye televisheni, si ulingoni.

Kipande cha gofu hakikingi chochote. Kwenye gofu hakuna wa kukupiga ngumi, labda uokote mpira wa mtu. Kwa hiyo hutengenezwa chembamba, aghalabu huvaliwa kwenye meno ya chini, na plastiki yake hukaa zaidi kwenye magego. Ukiuma, magego yanakutana na plastiki huku meno ya mbele yakibaki na uwazi mdogo. Unaweza kunywa maji nacho na kuzungumza, ingawa herufi ya "s" itatoka na mluzi. Viko vya bei nafuu, vya kutumbukiza kwenye maji ya moto na kuviuma vikiwa bado laini mpaka vikamate umbo la meno yako. Viko na vya daktari wa meno, ambaye huchukua chapa ya kinywa chako kwanza kisha akakitengeneza kwa kipimo, na bei yake ni nyingine kabisa.

Sasa, plastiki magegoni inahusiana nini na mpira ulioko chini miguuni?

Nenda bandarini Malindi, hapa Unguja, ukamtazame hamali anapojitwisha gunia. Kabla gunia halijaondoka chini, taya zimeshafungwa na mishipa ya shingo imesimama. Hakufundishwa na mtu. Lugha yetu nayo ililiona jambo hili zamani: mtu mwenye shida tunamwambia aume meno. Madaktari waliliandika kwa namna yao. Mwaka 1885 daktari wa Hungaria, Ernő Jendrassik, alieleza kwamba mgonjwa akishikanisha vidole vya mikono miwili na kuvuta kwa nguvu, mguu wake hurusha teke kubwa zaidi unapogongwa chini ya goti kwa kile kinyundo cha daktari. Kuuma meno kwa nguvu nako huleta athari ya aina hiyo. Ni kama mfumo wa fahamu unaongezwa sauti mwili mzima: msuli mmoja ukikazwa sana, na wa mbali huitika haraka zaidi. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya wauzaji, na kwa maoni yangu ndiyo yenye mguu wa kusimamia. Plastiki inakupa kitu cha kuuma bila kuogopa kuyapasua meno, basi unauma zaidi.

Hoja ya pili ni ya mpangilio. Mbele ya sikio, pale panapocheza unapotafuna, pana kiungo cha taya. Wanasema taya la watu wengi limekaa vibaya kidogo, kwamba ubaya huo unabana misuli ya shingo na mabega, na kwamba kipande kikilisogeza taya mahali pake, mwili mzima unanyooka na nguvu iliyokuwa imefungwa inafunguka. Hapa mimi napunguza mwendo. Ni kweli kiungo hicho kikiuma, shingo nayo huuma, na wenye kusaga meno usiku wanalijua hilo. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mtu mzima asiye na maumivu ana nguvu zilizofungiwa tayani ni kuruka mto mpana kwa hatua moja.

Kwa nini gofu ndiyo imepokea kifaa hiki kwa mikono miwili? Ukitazama vipimo utaelewa. Mpira una uzito usiozidi gramu 46, shimo lina upana wa milimita 108, na fimbo ikishafika juu huteremka hadi kugonga mpira kwa takriban robo ya sekunde. Mchezaji wa kawaida huifikisha kwenye mwendo wa karibu kilomita 150 kwa saa, na mashuhuri wa mashindano makubwa kilomita 180 na zaidi. Kila kilomita moja na nusu unayoongeza hapo huupeleka mpira mita mbili na kitu mbele. Kwa hiyo hata kifaa kidogo kikileta nyongeza ndogo, mwenye gofu yake ataitamani nyongeza hiyo. Kisha gofu ina ugonjwa wake: leo unapiga kama bingwa, kesho hujui hata fimbo inashikwaje, na sababu huijui. Mchezo wa namna hiyo hauachi kutafuta hirizi.

Nao una upande wake mwingine, ambao wauzaji huupitia mbio. Mpira wa mwisho, ule wa kuusukumiza shimoni kutoka hatua nne au tano, hautaki nguvu, unataka mkono mwepesi. Anayeng'ata kama hamali pale atauona mpira ukilipita shimo na kwenda zake. Hata katika pigo refu, bega lililokakamaa halizunguki vizuri. Kuuma kunakofaa ni kwa ule mkupuo wa mwisho tu, na hilo ni gumu kulipanga ndani ya robo ya sekunde.

Kuhusu utafiti: upo, lakini umegawanyika. Baadhi ya majaribio yaliona nyongeza ndogo katika kuruka au nguvu za mikono watu walipouma meno, mengine hayakuona tofauti yoyote. Na yote yana tatizo moja gumu. Huwezi kumvisha mtu kitu mdomoni asijue kwamba amevaa. Akishajua, anatarajia, na anayetarajia hujikaza zaidi bila kujijua.

Tarajio hilo ndilo linalouza. Pengine umewahi kuonyeshwa ule mchezo wa mkono: nyoosha mkono pembeni, muuzaji anaushusha kirahisi. Haya, sasa vaa kifaa. Anausukuma tena na mkono hauendi, wewe mwenyewe unashangaa. Siri ni kwamba mara ya pili umeshajua nguvu inakuja kutoka wapi na umejiandaa, na yeye akigeuza kidogo upande anaosukumia, kazi imekwisha. Mchezo huohuo ulitumika kuuza vile vikuku vya mpira vyenye nembo inayong'aa, vilivyojaa mikononi mwa wanamichezo mwishoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2010 huko Australia, muuzaji wake alilazimika kukiri hadharani kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi wa kuaminika nyuma ya madai yake. Kipande cha kinywani si kikuku, maana kuuma meno kuna athari inayoeleweka. Lakini kinauzwa kwenye meza moja navyo, na kwa maneno yaleyale.

Tulikijaribu upande wa Mangapwani, kwenye kiwanja cha mashimo tisa. Zamani za Waingereza mtu angecheza gofu hapohapo mjini, Mnazi Mmoja, ambako leo watoto wanapiga mpira wa miguu. Pigo la kwanza la rafiki yangu, kipande kikiwa mdomoni, lilikwenda mbali sana. Akageuka akitabasamu na plastiki yake. Nikamwambia, "Sheikh, na upepo je?" Kusi lilikuwa mgongoni mwake.

Hapo tukakubaliana kupima kwa haki. Mipira imegawanywa makundi mawili, imetiwa alama za rangi, na anapiga kwa zamu: mmoja amevaa, mmoja amevua, fimbo ileile, upande uleule. Kutumia kundi lote la kwanza kisha la pili ni kosa, kwa sababu mwanzoni mwili haujachemka na mwishoni umechoka. Mwenye kupima umbali asijue rangi ipi ni ya kipande na ipi ni ya bila kipande. Na mpira mbovu usitupwe, uhesabiwe, maana ndipo watu wanapojidanganya: wa kipande ukienda vichakani "umeteleza," wa bila kipande ukienda vichakani "unaona sasa?" Tulipokwenda kuiokota, rangi mbili zilikuwa zimechanganyika nyasini kama karafuu na makonyo yake. Hukuweza kusema kundi lipi limetangulia.

Anayetaka kujaribu na ajaribu, lakini ajue haya. Mwenye taya linalolia au kuuma aanze kwa daktari wa meno, si dukani, kwa sababu kubadilisha anavyouma kunaweza kumzidishia. Kioshwe kwa maji ya baridi na mswaki kila baada ya mchezo na kikauke kabla ya kurudi kijalubani, kwani joto na unyevu wetu hukitia uvundo upesi. Kisiachwe ndani ya gari juani, kitapinda. Na hakiazimwi, hata kwa ndugu.

Rafiki yangu anaendelea kukivaa. Anasema mpira hauendi mbali zaidi, ila akiwa nacho haongei pigo zima, na kwake hilo ni geni.