Klika na Mbwa: Mlio Unaotangulia Malipo

Mbwa anayeambiwa "kaa" mara saba huku akizungukazunguka si lazima awe mkaidi. Mara nyingi hajui ni lipi hasa, kati ya mambo aliyoyafanya siku iliyopita, lililompatia nyama. Alikaa, akainuka, akanusa mkono, akabweka, ndipo kipande kikafika mdomoni. Kwa hesabu yake, kilicholipwa ni kubweka. Klika ipo kwa ajili ya kuziba pengo hilo la sekunde mbili tatu kati ya tendo na malipo.

Chenyewe ni kisanduku kidogo cha plastiki kinachoenea kiganjani, ndani kina ulimi wa chuma. Ukibonyeza hulia "klik": mlio mkali, mfupi, usiobadilika leo wala kesho. Sauti ya mtu haina sifa hizo. Hupanda kwa furaha, hushuka kwa uchovu, na mbwa husikia maneno ya watu kutwa nzima ambayo hayamhusu. Mlio wa klika humwambia jambo moja tu: hilo ulilolifanya sasa hivi limekubaliwa, na malipo yanakuja.

Msingi wa kitaalamu ni wa zamani. Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mlio uliozoeleka kutangulia chakula hatimaye humtoa mbwa mate hata kabla hajakiona chakula chenyewe. B. F. Skinner wa Marekani akachunguza jinsi matokeo ya tendo yanavyolifanya lirudiwe au lififie, na wanafunzi wake wawili, Keller na Marian Breland, wakaihamisha elimu hiyo kutoka maabara hadi kazi ya kufundisha wanyama katika miaka ya 1940. Karen Pryor, aliyefundisha pomboo Hawaii katika miaka ya 1960, ndiye aliyechangia sana kuieneza klika kwa wenye mbwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Si ajabu kwamba mbinu hii ilikomaa kwa pomboo: mnyama huyo huwezi kumfunga kamba ukamvuta, na ukimuudhi anaogelea zake. Ilibidi mwalimu ajifunze kumfanya mwanafunzi atake mwenyewe.

Kuupa mlio maana

Mwanzoni mlio hauna maana yoyote kwa mbwa. Kata vipande 20 vya kitu laini anachokipenda, kila kimoja kisizidi ukubwa wa punje ya njegere, uingie naye chumba kitulivu. Bonyeza, kisha mpe kipande. Nyamaza kidogo, bonyeza tena, mpe. Usimwagize lolote. Badilisha muda wa kungoja kati ya mlio na mlio, asije akadhani unakwenda kwa saa. Vikikaribia kwisha, subiri atazame kwingine, ndipo ubonyeze: akigeuka upesi kukutafuta, ameelewa.

Kosa kubwa hapa hufanywa na mkono. Ukiupeleka mfukoni kabla ya kubonyeza, au vyote viwili kwa pamoja, mbwa atajifunza kuutazama mkono na mlio utakuwa kelele tu. Utaratibu hauna budi kuwa huu: tendo, mlio, mkono kusogea, chakula. Mkono utulie kabisa mpaka mlio usikike.

Usibonyeze karibu na sikio lake. Mbwa mwoga anayeshtushwa na mlio anaweza kuzoeshwa kwa klika iliyoviringishwa kitambaa au kubonyezewa mfukoni. Akiendelea kuogopa, achana nayo utumie neno fupi lisilotumika sana nyumbani, ulitamke kwa namna ileile kila mara. Kwa mbwa kiziwi, kidole gumba kinachoinuliwa hufanya kazi hiyohiyo.

Kuhusu chakula chenyewe: sehemu ya chakula chake kikavu yatosha ndani ya nyumba, lakini nje kwenye harufu na mbwa wengine utahitaji kitu kizito zaidi, kama kuku aliyechemshwa bila chumvi wala viungo. Zawadi zisizidi asilimia 10 ya nishati anayohitaji kwa siku, na kiasi hicho ukipunguze kwenye mlo. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu, na chochote chenye sukari mbadala iitwayo zailitoli ni sumu kwake. Zailitoli huwamo kwenye baadhi ya chingamu na hata siagi ya karanga, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kumpakia kijikoni.

Kabla ya kuanza naye, jizoeze bila yeye. Mtu adondoshe mpira, wewe ubonyeze kabla haujagusa sakafu. Wengi hugundua kwamba wanachelewa, na afadhali wagundue hapo kuliko mbele ya mbwa.

Kukaa, hatua kwa hatua

Mbwa akiwa amesimama, shika kipande mbele ya pua yake, ukipandishe polepole na kukirudisha nyuma kuelekea kisogoni. Kichwa kikifuata juu, makalio hushuka. Yakigusa sakafu tu, bonyeza, umpe. Akirukia mkono, umeupandisha juu mno. Akirudi kinyumenyume, fanyia zoezi kwenye pembe ya ukuta. Usimkandamize mgongo: anayesukumwa husukuma naye, na hapo anajifunza kupingana na mkono wako badala ya kukaa.

Baada ya mara tatu hadi tano, fanya mwendo uleule mkono ukiwa mtupu, chakula kitoke mkono mwingine au kwenye bakuli lililo juu ya meza. Hatua hii wengi huiruka, kisha hulalamika kwamba mbwa hatii mpaka aione nyama. Hatii kwa sababu nyama imekuwa sehemu ya amri.

Neno "kaa" halijatamkwa bado, na kuna sababu. Ukilisema wakati anarukaruka, litashikamana na kurukaruka. Ngoja mpaka akae bila kusita kila unapoinua mkono. Hapo sema "kaa" mara moja, nyamaza kidogo, ndipo uinue mkono. Baada ya marudio kadhaa atakaa kwa neno peke yake.

Tendo lisilovutika kwa mkono hujengwa kwa vipande. Ukitaka aende kulala mkekani, bonyeza kwanza kwa kuutazama mkeka tu, kisha kwa hatua moja kuuelekea, mguu mmoja juu yake, miguu minne, kukaa, hatimaye kulala. Kanuni ya kupanda ngazi ni rahisi: akifaulu mara 8 kati ya 10, dai kidogo zaidi. Akikosa mara mbili tatu mfululizo, rudi pale alipoweza. Mwanafunzi mpya anapaswa kulipwa kila baada ya sekunde chache, la sivyo anachoka au anaanza kubweka kwa kukosa mwelekeo. Dakika mbili hadi tatu zatosha kwa kipindi kimoja, kisha mpumzishe. Vipindi vitatu vifupi kwa siku huzaa zaidi ya nusu saa mfululizo.

Mambo yanayoharibika

La kwanza ni kuchelewa. Ukibonyeza anapoinuka, umemlipa kwa kuinuka, na baada ya siku chache utakuwa na mbwa anayekaa na kusimama kama chemchemi. La pili ni mlio usiolipwa. Kila mlio ni deni, hata ule uliobonyezwa kwa bahati mbaya. Lipa, kisha uwe makini zaidi. La tatu ni kubonyeza ili kumwita au kumshtua aache jambo: hapo unalipa kile hasa usichokitaka. Tena bonyeza mara moja tu. Milio mitano kwa furaha haimwambii kwamba amefanya vizuri sana, inamwacha tu asijue ni wakati upi uliohesabiwa.

Halafu kuna lile la "nyumbani anajua, nje amesahau". Hajasahau. Mbwa hujifunza tendo pamoja na mahali, sakafu, na hata mkao wako. Mambo matatu huongeza ugumu: muda, umbali na vishawishi. Ongeza moja kwa wakati, na unapoliongeza punguza mengine. Anayeweza kukaa dakika nzima sebuleni alipwe kwa sekunde mbili anapokuwa getini.

Kwa tabia mbaya, uliza kwanza kinachoilipa. Mbwa anayerukia wageni analipwa kwa kutazamwa, kusukumwa na kupigiwa kelele, vyote hivyo kwake ni umakini. Mfunge kamba asiweze kuwafikia, wageni wamgeuzie mgongo anaporuka, na ubonyeze miguu minne ikiwa chini. Tarajia aruke kwa nguvu zaidi siku za mwanzo, kwa sababu njia iliyokuwa ikilipa imekauka naye anaijaribu kwa bidii. Ukishindwa kuvumilia ukampa umakini wakati huo, umemfundisha kwamba kinachohitajika ni kuruka zaidi.

Kipigo na kola za kubana au za umeme zinaweza kuzima tendo kwa muda, ila mbwa huunganisha maumivu na kilichokuwa mbele yake, yaani mtoto aliyekuwa akipita au mbwa wa jirani. Mwaka 2021 American Veterinary Society of Animal Behavior, chama cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama, kilitoa tamko la kupendekeza mbinu za zawadi peke yake kwa mafunzo yote, hata kwa mbwa wenye ukali. Anayenguruma asiadhibiwe kwa kunguruma: ukimnyang'anya onyo, atabaki na kuuma. Msogeze mbali na kinachomtisha. Mbwa aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, apimwe na daktari wa mifugo kabla ya mafunzo yoyote, maana maumivu ya jino au nyonga huonekana kama tabia mbaya.

Tendo likishakuwa imara katika mahali pengi tofauti, klika huwekwa kabatini mpaka somo jipya. Chakula nacho hupungua taratibu, na nafasi yake huchukuliwa na mambo ambayo mbwa anayataka hata hivyo: mlango kufunguliwa, kuachiwa anuse mti, mpira kurushwa. Kuitwa na kuja ndiko peke yake nisikokushauri kupunguziwa malipo. Anayekuja anaacha nyuma harufu, paka au mchezo, na malipo yawe na uzito huo. Usimwite ili umwogeshe, umkate kucha au umfungie ndani. Kwa shughuli hizo mfuate mwenyewe hadi alipo.