Baridi ikiingia, usianze na mafuta. Anza na maji ya kuoga

Ikifika Juni, wanaowashwa hujaa kliniki yetu ya ngozi hapa Mbeya, na wengi huja na kopo mkononi: "Daktari, haya mafuta mazuri?" Kwanza mimi huuliza maji wanayoogea.

Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti mvua hakuna, hewa ni baridi na kavu, na unyevu wa ngozi unapotea upesi. Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji yasitoroke. Sasa mtu wa Uyole anaamka alfajiri, anachemsha sufuria nzima, anajimwagia maji yanayofuka mvuke, anajisugua kwa dodoki na sabuni ya mche, ile ya kufulia. Mafuta yote yanakwenda na povu. Halafu anajikausha kabisa, anaota moto wa mkaa, na kupaka mafuta ni mpaka akumbuke. Hapo hata kopo la bei mbaya halimsaidii.

Oga maji ya uvuguvugu, dakika zisizidi kumi. Sabuni iwe ya kuogea, isiyo na manukato, na uipeleke zaidi kwapani, sehemu za siri na nyayo. Miundi, ambayo ndiyo hupauka kuliko kwingine, haihitaji kusuguliwa kila siku. Jifute kwa kugusisha taulo tu, kisha paka ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika tatu hivi. Mafuta ya mgando ya kawaida yanatosha. Hayaongezi maji mwilini, yanafungia yaliyopo. Ukipaka ngozi iliyokwisha kukauka, hakuna cha kufungia. Kuhusu mafuta ya mzeituni, najua wengi mnayaamini (na ya upako siyagusi!), lakini kwa ngozi kavu yanaweza kudhoofisha ile kinga yake ya kuzuia maji yasitoroke. Afadhali ya alizeti.

Watoto wavalishwe fulana ya pamba kabla ya sweta la sufu.

Ninachokigombea ni tyubu za dukani zenye steroidi, dawa kali ya kutuliza muwasho, zinazonunuliwa bila kupimwa. Siku mbili tatu muwasho unatulia, mtu anasifia, anampa na jirani. Zikitumiwa ovyo ngozi inakuwa nyembamba, na kama ulikuwa na fangasi, wanasambaa kimyakimya. Mkorogo ndio usiseme.

Wala si kila muwasho ni ukavu. Ukizidi usiku, ukiwa katikati ya vidole na kiunoni, na nyumba nzima mnajikuna, huo ni upele, ule ugonjwa wa kuambukizana: mnatibiwa wote siku moja, mashuka na nguo zinafuliwa kwa maji ya moto. Mwili mzima ukiwasha kwa wiki kadhaa bila vipele wala ukavu, tunapima figo, ini na tezi ya shingo. Na wewe mama mjamzito unayewashwa viganja na nyayo, hasa usiku, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda leo.